Silikoni ya vioo, Vaseline au jeli? Jibu kwa binti wa Raskazone na taa zake za bustani

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nakaa Raskazone hapa Tanga, nyumba iko karibu kabisa na bahari, upepo wa chumvi unatupiga moja kwa moja. Nina taa 6 za bustani, taa ya geti na pampu ya kisima. Masika ikianza tu RCD (ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) inaanza kuruka usiku, mpaka nizime laini ya nje ndo ndani tupate umeme. Fundi wa kwanza alifunga tepu. Wa pili alijaza silikoni kwenye boksi zote, ikatulia kama miezi mitatu alafu mambo yakawa yaleyale, na waya zimekuwa kijani. Wa tatu anasema kuna jeli ya kumwaga, niagize. Ni kweli au ni ulaji? Na mama anauliza kwanini nisipake tu Vaseline, kama marehemu baba alivokuwa akipaka kwenye betri ya gari."

Marahaba mwanangu. Na mama msalimie sana, swali lake la Vaseline ntalijibu mwishoni maana sio la kijinga hata kidogo.

Nianze na jibu lenyewe ili hata ukiishia hapa uwe umepata chako. Jeli ipo, sio ulaji, na kwa nyumba ya Raskazone mie naona ndo kitu cha kutumia kwenye boksi za bustani. Lakini huyo fundi wako wa tatu akija na chupa yake akaimwaga juu ya hizo waya za kijani kama zilivyo, utakuwa umelipa mara ya tatu kwa kosa lilelile. Jeli inalinda jointi ambayo tayari ni nzima, basi. Jointi mbovu ukiitia jeli inakuwa jointi mbovu iliyofungiwa ndani, na safari hii hata kuigusa kuikagua inakuwa tabu.

Sasa kwanini inaruka usiku na kwanini masika. Boksi lako la ukutani mchana linapigwa jua, hewa ya ndani inapanuka inatoka kupitia vitundu, pale waya unapoingilia, kwenye skrubu, kwenye mfuniko usiokaa sawa. Jioni upepo wa bahari unakuja, boksi linapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na boksi linavuta hewa nyingine ya nje, ambayo ndo hiyo yenye unyevu na chumvi. Yaani boksi linapumua kila siku, mchana linatoa usiku linavuta, na kila pumzi inaacha chumvi kidogo. Alafu chumvi nayo ina tabia yake, si unaona chumvi ya jikoni kwako masika inavyolowa yenyewe kwenye kopo bila mtu kuimwagia maji? Ndo hivohivo inafanya juu ya konekta zako. Haihitaji mvua kuingia ndani ya boksi, inajivutia maji kutoka hewani, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri tu. Umeme unatambaa kutoka laivu (waya wenye umeme) kwenda ethi (waya wa ardhini), kidogokidogo, na RCD kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikiona pengo linakaribia miliampia 30 inakata. Kwa hiyo RCD yako ni nzima, inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Akitokea mtu akakwambia "tuiruke hii RCD inasumbua," mtoe nje kwa heshima na asirudi. Bustani imelowa, watoto wanakimbia miguu wazi, hicho kidude ndo kinachowaweka hai.

Na hata ikiwa haijafika 30, chukua mfano unavuja miliampia 25 usiku na mchana kwenye volti 230, hiyo ni kama wati 6 hivi, kwa mwezi ni uniti 4 za LUKU zimekwenda kumwagilia udongo. Sio nyingi, ila ni zako.

Kitu kingine ambacho watu wa huku kwetu tunakijua lakini hatukihesabu ni wadudu. Niliwahi kuitwa nyumba moja Sahare, malalamiko ni hayohayo ya kwako, nikafungua boksi la geti nikamkuta mjusi kafiri amekauka kabisa, mikono kwenye laivu mkia kwenye ethi, kama vile amewekwa na fundi. Chini yake kulikuwa na lundo la sisimizi wamekufa na udongo walioubeba wenyewe. Boksi lile lilikuwa limefungwa tepu vizuri tu kwa nje, ila chini waya ulipita kwenye tundu kubwa mara mbili ya waya wenyewe. Nilipomtoa mjusi, mega, kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, ikasoma vizuri. Sijabadilisha hata konekta siku ile, nimebadilisha baadae.

Haya, tepu tusiizungumze sana. Tepu ya plastiki ni ya kutenganisha waya na waya, haizuii maji, na kwenye jua gundi yake inayeyuka inakuwa uji, inajifungua yenyewe. Kwa nje tepu peke yake ni ya kuvukia usiku mmoja.

Silikoni ndo nataka nikae nayo kidogo, maana hapa ndo ulipoumizwa na nakuhakikishia fundi wako hakuwa na nia mbaya. Zile silikoni za kubandikia vioo na kuzibia masinki, nyingi ukizifungua zinanuka siki. Ile harufu ni siki kweli, yaani asidi ileile ya siki, inatoka wakati silikoni inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani. Sasa muulize mama kuhusu masufuria makubwa ya shaba ya harusini, kwanini lazima yapakwe bati kwa ndani kabla ya kupikia. Atakwambia ukipikia chakula chenye ndimu au siki kwenye shaba tupu inatoa ukijani na watu wanadhurika. Zamani watu walikuwa hata wanatengeneza rangi ya kijani makusudi kwa kuiweka shaba kwenye mvuke wa siki. Waya wako ni shaba. Fundi wako amechukua shaba, akaifukia ndani ya siki, akafunga mfuniko. Na kwa sababu silikoni inahitaji hewa ili ikauke, ukiijaza boksi zima inakauka ngozi ya juu tu, ndani inabaki laini muda mrefu inaendelea kutoa asidi. Miezi mitatu ulokaa kimya haikuwa nafuu, waya ulikuwa unaliwa taratibu na wewe huoni.

Zipo silikoni zisizotoa siki, kwenye kopo huandikwa "neutral," hizo hazili shaba kama hii ya siki. Ila nazo kwa kujaza boksi hazifai kwa sababu ileile ya kutokauka ndani, na ukitaka kufungua baadae unakata kwa kisu na mara nyingi unakata na waya. Zitumie kuzibia ukingo wa boksi ukutani kwa juu na pembeni, hapo sawa.

Sasa jeli. Jeli ninayoisema inakuja chupa mbili, au chupa moja yenye vyumba viwili, kila kimoja kina majimaji. Ukichanganya nusu kwa nusu inakaa majimaji kwa dakika kadhaa alafu inashikana, na ikishashikana haiwi ngumu kama plastiki, inakuwa kama faluda ya Ramadhani iliyolala kwenye friji. Ukibonyeza inabonyea inarudi. Unaona mpaka chini, konekta zako zote unaziona ziko ndani kama samaki kwenye chupa. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba ni ya kurudiwa, ukitaka kubadilisha waya unaingiza vidole unaitoa vipandevipande, unafanya kazi yako, unamwaga nyingine. Hata kupima, unachoma ncha za mita kupitia kwenye jeli, unasoma, ukitoa tundu linajifunga. Ina silikoni ndani yake lakini ni silikoni ya aina nyingine, haitoi siki na haihitaji hewa kushikana.

Wazee wetu wa majahazi wangeielewa hii kitu haraka kuliko vijana wa leo. Fundi wa jahazi hapaki rangi juu ya ufa akasema maji hayataingia. Anapiga kalafati, anachukua pamba na mafuta anaishindilia ndani ya mwanya mpaka mwanya wenyewe unakuwa haupo. Maji hayana pa kukaa. Jeli ni kalafati ya umeme, kazi yake ni kuondoa ile hewa ndani ya boksi, hewa ikiwa haipo boksi haliwezi kupumua, na lisipopumua halivuti chumvi, mjusi hana chumba na sisimizi hana mlango. Hapo ndo tofauti yake na vitu vyote ulivyofanyiwa, ambavyo vyote vilikuwa vinapambana kuzuia maji mlangoni. Na fundi wa jahazi akikuta ubao umeoza hapigi kalafati juu yake, anang'oa ubao.

Ziko za aina nyingine pia. Kuna vikasha vidogo vya plastiki ambavyo tayari vina jeli ndani, unabana konekta yako unaisukuma kwenye jeli unafunga kifuniko kinalia "tak!", umemaliza. Hivyo ni vizuri kwa taa mojamoja za bustani ambapo jointi ni moja ya waya tatu. Kuna na vikofia vya kuzungusha vyenye grisi ndani. Na mafundi simu wana vile vidude vidogo vya kubana kwa plaizi vyenye jeli, lakini vile ni vya nyuzi za simu, nyembamba chini ya milimita moja, usikubali mtu akuwekee kwenye umeme wa taa eti kwa sababu "navyo vina jeli."

Kwa nyumba yako mie ningefanya hivi. Kwanza umeme unazimwa kwenye meni swichi, sio kwenye swichi ya taa, na fundi ahakikishe kwa mita kwamba umekufa kweli, tesita ya bisibisi isiaminiwe. Na awe fundi mwenye leseni ya EWURA, omba uione, hakuna ubaya kuomba. Alafu mchague siku kavu. Sio siku ya mvua, sio jioni, iwe kuanzia saa nne asubuhi jua likiwa limeshakausha kila kitu, maana ukifungia unyevu ndani ya jeli umefungia adui chumbani.

Mnafungua boksi, mnatoa silikoni yote. Yote. Hii ina sababu mbili, ya kwanza ile siki, ya pili ni kwamba jeli ni nyepesi kudhurika wakati inashikana, mabaki ya silikoni za zamani, salfa iliyo kwenye baadhi ya mipira, gundi za tepu, vinaweza kuifanya igome, inabaki majimaji siku nzima na watu wanasema nimeuziwa feki. Kwa sababu hiyohiyo fundi asivae glovu za mpira zile za hospitali wakati wa kuchanganya, avae za plastiki.

Sasa waya. Hapa ndo patakapokuuma, nisamehe. Ukijani hauishii pale unapouona. Waya wa nyuzinyuzi unanyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa, maji ya chumvi yanapanda katikati ya nyuzi chini ya ganda la plastiki, kwa nje waya unaonekana mzima kabisa. Kwa hiyo mnakata, mnamenya, mnaangalia. Nyeusi au kijani, kata tena. Mpaka mkute shaba ya rangi ya senti mpya. Wakati mwingine ni sentimita 5, wakati mwingine ni 20, na kwenye nyumba za ufukweni nimeshakata waya mpaka ukaisha ikabidi tuvute mpya. Msiusugue kwa msasa mkasema umeng'aa, nyuzi zikishaliwa zimekuwa nyembamba, mkisugua mnazimalizia. Na kama mtavuta mpya, mtafute waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati, zinaonekana za fedha badala ya nyekundu, ndo wanazotumia kwenye maboti, ni ileile hadithi ya sufuria la harusi.

Jointi yenyewe ifanywe kwa konekta za maana. Mie siku hizi napenda zile za Wago zenye vikono vya rangi ya chungwa, ganda lake linaonyesha ndani, unamenya waya milimita 11, unaingiza, unalaza kikono, unauvuta kidogo uone kama umeshika. Waya kusokotwa kwa vidole alafu tepu, hapana. Kwanini nasisitiza? Chukua pampu ya hospawa moja, inavuta kama ampia 6. Jointi iliyolegea ikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, hapo pana joto la wati 18, yaani umeweka pasi ndogo ya kulehemu ndani ya boksi na umeiacha imewaka. Jeli haitaizima hiyo. Jeli yenyewe inavumilia joto kushinda plastiki ya boksi lako, kwa hiyo kitakachoanza kuyeyuka ni boksi na waya.

Mkishamaliza jointi, kabla ya kumwaga chochote, mpime kwa mega, volti 500, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi, taa zote za LED zikiwa zimetolewa maana mega itaziua. Ikisoma chini ya megaomu moja msimwage, kuna ugonjwa mwingine mbele huko, tafuteni. Laini ya taa sita mpya mpya itakupa mamia ya megaomu. Andika ile namba ndani ya mfuniko kwa kalamu ya wino mzito pamoja na tarehe, utanishukuru baada ya miaka miwili ukitaka kujua kama kuna kinachoharibika.

Waya ziingilie kwa chini ya boksi, sio juu, na zipite kwenye glendi (vile vibano vya kuziba pale waya unapoingilia boksi) zilizokazwa. Kabla ya kuingia ziache zining'inie kidogo chini ya tundu alafu zipande, ili tone la maji likitambaa kwenye waya lidondokee pale kwenye mkunjo lisiingie ndani. Glendi zikazwe kweli maana jeli kabla haijashikana ni maji, itapita tundu lolote ikamwagike kwenye maua ya mama.

Kujua unahitaji jeli kiasi gani, hapa nina ujanja wangu wa kijinga lakini unafanya kazi. Nachukua boksi jipya la saizi ileile, najaza mchele mpaka usawa ninaotaka, alafu namimina ule mchele kwenye jagi lenye vipimo. Boksi la sentimita 8 kwa 8 kina 4 linakula kama robo lita, ukitoa nafasi ya waya na konekta ni chini ya hapo. Mke wangu kwa muda mrefu alidhani napika pembeni.

Mnachanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, polepole, bila kupiga kama mayai ya keki maana mnaingiza mapovu. Rangi ikiwa moja, mnamwaga kwenye kona moja tu ya boksi, uzi mwembamba, muiache yenyewe itambae chini ya konekta na kusukuma hewa ipande juu. Ukimwaga katikati kwa haraka unafunika hewa chini, na ule mfuko wa hewa ndo utakaokuwa pua ya boksi lako kuendelea kupumua. Gongagonga boksi na mpini wa bisibisi, utaona vipovu vinatoka. Konekta zote zizame kabisa na juu yake jeli iwe na kimo cha kama kidole kimelala, ila msijaze mpaka mdomo, acheni milimita 3 au 4, jeli ikipigwa joto inapanuka na ikikosa nafasi itasukuma mfuniko. Kwa joto letu la Tanga inashikana haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo msichanganye ya boksi tatu kwa mpigo mkadhani mtawahi. Boksi moja, changanya, mwaga, nenda la pili.

Kama boksi liko ukutani limesimama, kumwaga ni shida, itabidi mlishushe mlilaze au mtumie vile vikasha vya jeli tayari. Usikubali lile la "nitajaza nusu ya chini inatosha." Boksi lililozibwa nusunusu ni baya kuliko lililotobolewa tundu chini likaachwa wazi, kwa sababu la wazi maji yakiingia yanatoka, la nusunusu yakiingia yanakaa. Chagua moja, ama jaza ama acha lipumue na lichuruzike.

Pampu ya kisima hujasema ni ya kukaa juu au ya kuzama. Kama ni ya juu, boksi lake lifanyiwe hayohayo. Kama ni ya kuzama, ile jointi ya chini ndani ya maji usiitie jeli hii, jeli ni laini haina nguvu ya kuvutwa, na kule chini waya unavutwa na maji yanasukuma, kila mita 10 za kina zinaongeza presha kama ya hewa nzima tunayovuta huku juu. Ile inafungwa kwa mipira ya kusinyaa kwa moto yenye gundi ndani, kila waya peke yake kisha mpira mkubwa juu ya zote, au kwa rezini ya kumwaga inayokauka ikawa jiwe. Hiyo haifunguki tena, ukitaka kurekebisha unakata, lakini nani anafungua jointi ya kisimani kila mwezi.

Mkishafunga mifuniko yote washeni, alafu mwagieni boksi maji ya bomba, kama mvua ya masika kwa dakika kumi hivi, mtu akiwa ndani anaangalia RCD, na mwenye ndoo asimame pakavu na viatu vyake. Ni afadhali iruke saa kumi jioni fundi akiwepo kuliko saa nane usiku ukiwa peke yako.

Sasa mama na Vaseline yake. Mwambie mama kwamba makampuni ya simu yalifanya wazo lake kwa miaka mingi, kebo za simu za kuchimbia zilijazwa mafuta mazito ya jamii ya Vaseline katikati ya nyuzi, ili ganda likitoboka sehemu moja maji yasitembee kilomita nzima ndani ya kebo. Mafundi simu wa zamani wanaijua vizuri ile kitu, ikikushika mkononi haitoki kwa sabuni. Na kabla ya hapo, ule waya wa telegrafu uliofikishwa Zanzibar kwa njia ya bahari mwaka 1879, waya za namna ile zilikuwa zinavikwa utomvu wa mti unaoitwa gutta-percha, wanaugema kule mashariki ya mbali, kwa hiyo watu wamekuwa wakitafuta kalafati ya umeme siku nyingi. Kwenye vichwa vya betri ya gari marehemu alikuwa sahihi kabisa, anakaza kwanza alafu anapaka juu, asidi na unyevu havifiki kwenye risasi.

Kinachoishinda Vaseline kwenye boksi lako ni jua. Ardhini kuna ubaridi, lakini boksi jeusi la plastiki kwenye ukuta unaotazama magharibi hapo Raskazone linapata moto mpaka hulishiki, na Vaseline inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 40 na kitu tu. Itatambaa itatoka kwenye matundu, itakuachia hewa palepale, na ikigusa mipira ya kuzibia maji inaivimbisha. Na ni mafuta, yanawaka.

Ila isiende bure. Siku fundi akimaliza, zile skrubu nne za kila mfuniko zichovye kwenye Vaseline ya mama kabla ya kuzikaza. Upepo wetu unazishikisha kutu ndani ya mwaka, na boksi ambalo skrubu hazifunguki fundi anayekuja analivunja na nyundo, jeli na yote.